Gari la kuvuta na trela la kambi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye gari, au anayekaribia kulinunua, ambaye anataka kuvuta trela la kulala porini bila gari kuchuchumaa nyuma wala trela kuyumba barabarani. Wengi huanza kwa kuuliza springi ipi ni bora. Hapa swali hilo limesogezwa chini kidogo, kwa sababu jibu lake liko kwenye mizani.

Fundi ameniambia niweke springi ngumu kabla hata sijachagua trela. Nimsikilize?

Bado. Springi huchaguliwa kwa kilo, na asiyejua kilo zake anabahatisha tu.

Anza na namba za gari lenyewe. Ziko kwenye kibati cha mlangoni au ndani ya boneti, na nyingine kwenye kitabu cha gari. Unazihitaji tano: uzito wa juu wa gari likiwa limepakia (mara nyingi huandikwa GVM), uzito wa juu wa gari na trela vikiwa pamoja (GCM), uzito wa juu wa kila ekseli, uzito wa trela ambao gari limeruhusiwa kuvuta, na mzigo unaoruhusiwa kuegemea tufe la kuvutia, yaani kile kichwa cha chuma cha mviringo nyuma ya gari ambacho trela hufungwa juu yake. Ile utakayoifikia kwanza ndiyo mpaka wako. Nyingine nne zinaweza kuwa na nafasi tele na zisikusaidie kitu.

Matangazo ya magari hupenda ile namba ya trela. Chukua pikapu inayosifiwa kuvuta kilo 3500, yenye GVM ya kilo 3200 na GCM ya kilo 6000. Ukiijaza mpaka kilo 3200, trela linabakiwa na kilo 2800 tu. Ukitaka kuvuta zile 3500 zote, pikapu nzima, pamoja na dereva, mafuta na mizigo, isizidi kilo 2500. Pikapu nyingi za aina hiyo hufika karibu na hapo kabla hata abiria hawajapanda.

Napataje uzito halisi?

Peleka gari kwenye mizani ya malori likiwa kama litakavyosafiri: tangi limejaa, abiria wamekaa, friji, vifaa na maji vimo. Usikadirie kichwani, maana vitu huongezeka kimyakimya. Lita ya maji ni kilo 1. Dizeli ni takriban kilo 0.84 kwa lita, kwa hiyo tangi la lita 80 ni kilo 67. Bampa la chuma, keria ya juu, winchi, betri ya pili na tairi la ziada la pili kwa pamoja huweza kula nusu ya mzigo wote ambao gari lilikuwa linaruhusiwa.

Pima mara tatu: gari peke yake, gari likiwa limeunganishwa na trela lakini magurudumu ya trela yakiwa nje ya mizani, kisha vyote pamoja. Kwa vipimo hivyo unapata kila kitu. Ukitoa cha kwanza kwenye cha pili unaujua mzigo ulioegemea tufe. Ukitoa cha kwanza kwenye cha tatu unajua trela lina uzito gani. Mizani ikikuruhusu kupima ekseli moja moja, pima pia.

Huo mzigo wa tufe una shida gani? Si kilo mia na kitu tu?

Una shida ya mahali ulipo. Tufe liko nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo mzigo wake unafanya kazi kwa wenzo: unakandamiza nyuma na kuinua mbele.

Tuseme mzigo ni kilo 150, tufe liko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 3. Ekseli ya nyuma haipati 150; inapata 150 mara 4.2 gawanya kwa 3, yaani kilo 210. Zile 60 za ziada zimetolewa kwenye ekseli ya mbele, ambayo ndiyo inayokata kona na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Ndiyo maana gari linalovuta mzigo mzito huwa na usukani mwepesi wa kutia wasiwasi, na taa zake zinamulika macho ya wanaokuja.

Halafu lile la msingi ambalo husahaulika: mzigo wa tufe huhesabiwa ndani ya uzito wa gari. Kama gari lilikuwa limebakiza kilo 120 kufikia GVM, na trela linaegemeza 150, umeshazidisha hata kama trela lenyewe liko ndani ya mipaka yake.

Basi nipunguze mzigo wa tufe uwe mdogo kabisa?

Hapana, hapo unatafuta balaa jingine. Trela lenye uzito mwingi nyuma ya ekseli zake huyumba. Amerika ya Kaskazini hushauriwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela likiwa limepakia. Australia wengi hulenga karibu na asilimia 10. Ulaya karavani hujengwa kwa mzigo mwepesi zaidi, mara nyingi asilimia 5 hadi 7, kwa kuwa magari mengi ya huko yana mpaka wa kilo 75 hadi 100 kwenye tufe. Fuata walichoandika waliotengeneza trela lako, na mpaka wa gari lako usiuvuke hata kama asilimia inakubali.

Nyumbani unaweza kuupima kwa mizani ya kupimia watu. Trela likiwa limelala sawa na ardhi, kwa urefu uleule wa kuvutia, simamisha kipande cha mbao kati ya mizani na kichwa cha mkono wa trela (kile chuma cha mbele kinachofika kwenye tufe). Ikiwa mzigo unazidi uwezo wa mizani, tumia ubao: mwisho mmoja uegemee mizani, mwingine uegemee tofali, umbali kati yao sentimita 90. Mkono wa trela ukae sentimita 30 kutoka kwenye tofali. Mizani itasoma theluthi moja. Zidisha kwa 3. Funga magurudumu ya trela kwa vizuizi kabla ya kuanza.

Sawa, uzito ninaujua. Nitajuaje kama springi zinahitaji kubadilishwa?

Chukua futi ya kupimia. Kwenye kila gurudumu, pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi juu yake. Fanya hivyo gari likiwa tupu, likiwa limepakia, na likiwa limepakia pamoja na trela. Andika namba zote.

Nyuma kushuka sentimita tatu au nne si kosa, springi zimewekwa ili zishuke. Tatizo ni pale ambapo mbele imepanda waziwazi, au nyuma imeshuka mpaka ile mipira ya kuzuia kugonga imebakiza nafasi ndogo, au gari linagota chini kwenye kila shimo. Hapo springi mpya za nyuma zina hoja.

Springi za kuongezea mzigo huuzwa kwa daraja: za mzigo mdogo, za wastani, na za mzigo wa kudumu wa kilo 300 au zaidi. Neno la kuangalia hapo ni "kudumu". Springi ya kilo 300 imefikiriwa kwa gari lenye kilo hizo siku zote, kama pikapu yenye makabati ya vifaa ambayo hayatolewi. Ukiiweka kwenye gari ambalo siku nyingi ni tupu, nyuma itakuwa ngumu, tairi litarukaruka kwenye matuta na litapoteza mshiko kwenye lami yenye maji. Maoni yangu ni kwamba watu wengi hununua daraja moja juu ya wanalohitaji. Chagua springi kwa uzito ambao gari hubeba siku nyingi za mwaka, si kwa ile safari moja kubwa ya Desemba.

Kwa gari lenye springi bapa nyuma, kuna uwezekano wa kuongeza bapa moja au mbili zinazoanza kufanya kazi mzigo ukifika. Kwa springi za koili, zipo ambazo mizunguko yake haikupangwa kwa nafasi sawa: laini gari likiwa tupu, ngumu kadiri inavyobanwa. Kwa mtu mwenye gari moja la kazini na la safari, hizo ndizo ningeziangalia kwanza.

Nikiweka springi ngumu, gari linaruhusiwa kubeba zaidi?

Hapana. Springi ni kipande kimoja tu. Uzito wa juu wa gari umewekwa kwa kuangalia chesisi, ekseli, beringi, breki na matairi, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichobadilika kwa sababu umenunua koili mpya. Gari litakaa sawa kwa macho, na hapo ndipo penye mtego: kule kuchuchumaa kulikuwa kunakuonya, sasa onyo limeondoka na uzito umebaki.

Australia kuna utaratibu rasmi wa kuongeza GVM kwa vifaa vilivyoidhinishwa, na gari hupewa kibati kipya. Hata huko, GVM ikipanda GCM haipandi yenyewe. Kila kilo unayoiongeza kwenye gari unaitoa kwenye trela. Pengine duniani, kama hakuna utaratibu wa namna hiyo, kibati cha kiwandani ndicho neno la mwisho, na kampuni ya bima italisoma neno hilo siku ya ajali.

Vifuko vya hewa vya kusaidia springi vinafaa?

Vinafaa kwa kazi ndogo: kunyanyua sentimita mbili tatu trela linapounganishwa, kisha kutoa hewa linapoachwa. Kwa gari la springi za koili, vile vinavyoingia ndani ya koili ni rahisi na havina madhara makubwa, mradi shinikizo lisizidi lililoandikwa.

Kwenye pikapu ya springi bapa, kuwa mwangalifu sana. Springi bapa hushika chesisi sehemu mbili, mbele na nyuma ya ekseli, na uzito hugawanyika kati yake. Kifuko cha hewa hukaa katikati, juu ya ekseli, na kuhamishia mzigo sehemu moja ya chesisi ambayo haikuundwa kwa kazi hiyo. Ongeza tufe lenye kilo 300 mbali nyuma, barabara mbovu na mwendo, na chesisi hupinda nyuma ya kabini. Pikapu za milango minne ndizo hupatwa zaidi, maana kabini ni ndefu na karai limesogea nyuma sana ya ekseli. Picha za pikapu zilizokunjika mgongo namna hiyo si adimu, na karibu zote zina mambo yaleyale: uzito mwingi nyuma kabisa na vifuko vilivyojazwa sana.

Shokapu zina umuhimu gani katika haya yote? Mbona kila mtu anazungumzia springi tu?

Kwa sababu springi huonekana. Gari likishuka nyuma, jirani anaona. Shokapu ikichoka, dereva peke yake ndiye anayehisi, na mara nyingi huzoea.

Springi hubeba uzito. Shokapu haibebi kitu, kazi yake ni kutuliza mwendo wa springi, na inaifanya kwa kusukuma oili kupitia matundu madogo. Nguvu yote ya kurukaruka hugeuka joto ndani ya oili hiyo. Kwenye lami joto ni dogo. Kwenye barabara ya vumbi yenye matuta madogo yanayofuatana kama ubao wa kufulia, shokapu hufanya kazi bila kupumzika, oili hupata moto, huchanganyika na hewa na kuwa povu, na povu halizuii kitu. Gari huanza kuelea. Ukigusa shokapu wakati huo utaungua, kwa hiyo usiiguse.

Kuna aina mbili za kuchagua. Shokapu ya mrija mmoja huwa na gesi ya naitrojeni iliyotenganishwa na oili kwa pistoni inayoelea, na hupoa upesi kwa sababu ukuta wa nje ndio unaogusa oili. Udhaifu wake ni jiwe: likibonyeza ukuta huo, pistoni inakwama. Ya mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine, huvumilia mawe zaidi na hubeba oili zaidi zikiwa nene, lakini hupoa taratibu. Kwa mvutaji wa kawaida anayekwenda barabara za vumbi mara kwa mara, yoyote kati ya hizo ikiwa nene na ya kiwango kizuri inatosha. Zile zenye chupa ya pembeni ni nzuri, ila kwa trela dogo na mwendo wa kistaarabu hutaona faida ya fedha uliyotoa.

Jambo ambalo halina mjadala ni hili: ukibadilisha springi, badilisha shokapu zilingane nazo. Springi ngumu na shokapu laini ya kiwandani ni gari linaloruka na kuendelea kuruka. Na zile za zamani zikiwa na oili inayovuja, au matairi yamelika kwa mabonde mabonde, usisubiri safari.

Niinue gari kwa ajili ya njia mbaya?

Sentimita nne au tano hutosha kwa wengi. Zaidi ya hapo, kitovu cha uzito kinapanda, pembe za shafti za mbele zinakuwa kali, na usukani unapoteza uthabiti wa kurudi katikati mpaka mikono ya juu inayoshika magurudumu ya mbele ibadilishwe na alaimenti ipimwe upya. Kwa gari la kuvuta, kuna tatizo jingine: tufe nalo limepanda. Trela linapaswa kwenda likiwa limelala sawa. Likiinua pua, uzito unarudi nyuma na mzigo wa tufe unapungua. Likiwa na ekseli mbili, ile ya nyuma inabebeshwa zaidi ya mwenzake. Dawa yake ni kipande cha kuvutia kilichopinda kwenda chini, na si ghali.

Angalia sheria za mahali pako kuhusu kuinua gari kabla ya kununua chochote.

Na vile vyuma vya kusambaza uzito?

Ni fito mbili za springi zinazofungwa kati ya gari na mkono wa trela. Zikikazwa, hurudisha sehemu ya ule uzito uliotolewa kwenye ekseli ya mbele, na nyingine huipeleka kwenye ekseli za trela. Kwa karavani nzito kwenye lami hufanya kazi vizuri. Kwenye mitaro na vilima vikali vitolewe, kwa kuwa gari na trela vikikunjana, fito hizo huweka mkazo mkubwa kwenye chesisi zote mbili. Trela la kambi la njia mbaya, lenye kiunganishi kinachozunguka pande zote, kwa kawaida haliwezi kuvipokea. Na baadhi ya magari hukatazwa kuvitumia na kiwanda chenyewe, soma kitabu.

Matairi niyajaze upepo kiasi gani?

Kwanza angalia kama yanaweza mzigo. Ubavuni kuna namba ya uwezo: 112 ni kilo 1120 kwa tairi moja, 116 ni kilo 1250, 121 ni kilo 1450. Jumla ya matairi mawili ya nyuma ipite uzito wa ekseli ya nyuma uliousoma kwenye mizani.

Kuhusu upepo, anza na kibandiko cha gari kwa mzigo kamili, kisha acha tairi likuambie. Pima asubuhi likiwa baridi, endesha saa moja, pima tena. Likipanda psi 4 hivi uko sawa. Matairi ya magari ya mizigo hukubali hata 6. Likipanda zaidi ya hapo, maana yake upepo ulikuwa mdogo kwa mzigo huo, tairi linajikunja na kuchemka. Ongeza, usipunguze, ingawa mkono unataka kufanya kinyume. Kwenye vumbi na mchanga unashusha, na mwendo unashuka pamoja nao.

Nichague trela la aina gani?

Jibu linategemea muda unaokaa mahali pamoja kuliko kitu kingine. Mtu anayehama kila asubuhi na mtu anayekaa wiki mbili kando ya ziwa hawahitaji trela moja.

Trela la hema lenye sakafu laini hufunguka na kumwaga chumba kizima cha turubai ardhini. Ni jepesi, likiwa tupu mara nyingi halizidi kilo 900, na lina nafasi kubwa kwa familia. Lakini kulisimamisha ni kazi, na kulikunja likiwa limelowa ni adhabu. Trela la sakafu ngumu lina kifuniko kinachogeuka kuwa sakafu; hufunguka kwa dakika chache. Lile linalofungukia nyuma huwa takriban kilo 1000 hadi 1400, na lile linalofungukia mbele, lenye makochi yanayogeuka kitanda, hukaribia au kupita kilo 1500. Trela la umbo la tone ni kabini ya kulala watu wawili na jiko nyuma: dogo, jepesi, halina ukumbi. Juu yake kuna yale yenye kuta ngumu na paa linaloinuliwa, ambayo kwa kweli ni karavani fupi za njia mbaya, nyingi zikiwa kati ya kilo 1700 na 2500.

Ningemshauri mnunuzi wa kwanza achukue jepesi kuliko anavyofikiri anahitaji. Uzito wa trela unaulipa kwenye mafuta, matairi, breki, na kila mlima.

Muuzaji anasema trela lina kilo 1400. Gari langu linaweza 1500. Tumemaliza?

Muulize kilo 1400 ni tupu au zimepakia. Karibu kila mara ni tupu, na "tupu" hiyo wakati mwingine haina hata mtungi wa gesi. Kinachotakiwa ni uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibati cha trela, na tofauti kati ya hizo mbili ndiyo nafasi yako ya mizigo. Trela la kilo 1400 tupu na 1600 kwa kibati lina nafasi ya kilo 200. Weka lita 100 za maji, mitungi miwili ya gesi iliyojaa, friji na chakula chake, matandiko na meza: nafasi imekwisha, na hujapakia nguo. Trela la namna hiyo liache, hata likiwa na jiko la kupendeza.

Betri nayo ina la kusema. Ya zamani yenye risasi, ya amp-saa 100, ina takriban kilo 30; ya lithiamu ya ukubwa huohuo iko karibu na 12.

Chini ya trela niangalie nini?

Ingia uvunguni kabla ya kufungua milango ya juu. Wauzaji hupamba juu.

Ekseli ya mti mmoja na springi bapa ni ya zamani, rahisi, na fundi yeyote anayerekebisha magari ya mizigo ataielewa. Udhaifu wake ni kwamba mara nyingi huja bila shokapu, kwa hiyo trela hudunda. Mikono inayojitegemea, kila gurudumu na koili yake na shokapu yake, ndiyo hufaa zaidi kwa njia mbaya, ila bushi nyingi zaidi zinahitaji kuangaliwa na alaimenti inaweza kuhama. Ekseli ya mpira, ambayo gurudumu husokota mpira ndani ya bomba, ni kimya na haitaki grisi; kwenye lami na vumbi la kawaida iko vizuri, lakini haina shokapu ya kweli na ikichoka hairekebishwi, inabadilishwa.

Lililo muhimu kuliko aina ni ulinganifu. Springi za trela zilizowekwa kwa kilo 2000 kwenye trela lenye 1200 zitatikisa kila kitu: skrubu zitalegea, makabati yatapasuka, maungio ya chesisi yataota nyufa. Angalia pia welding, hasa pale mkono wa trela unapokutana na mwili, na mabomba ya maji na nyaya kama zimefunikwa dhidi ya mawe.

Tangi la maji liwe karibu na ekseli. Likiwa mbele kabisa au nyuma kabisa, mzigo wa tufe hubadilika kadiri unavyotumia maji, na trela lililoondoka vizuri Jumatatu linayumba Alhamisi. Pima mzigo wa tufe tangi likiwa limejaa, kisha likiwa tupu.

Ekseli moja au mbili?

Chini ya kilo 1500 hivi, moja. Hugeuka kwa urahisi na ina matairi mawili tu ya kununua. Mbili hutulia zaidi kwenye mwendo na hukuokoa tairi likipasuka, lakini ni nzito na hukwangua matairi kwenye kona kali.

Ikiwezekana, rimu na matairi ya trela yalingane na ya gari, pamoja na idadi na nafasi za nati. Tairi la ziada moja linakuwa la wote.

Kiunganishi cha tufe la kawaida kinatosha?

Kwa lami na vumbi zuri, ndiyo. Tufe la milimita 50 ndilo la kawaida Ulaya na Australia. Marekani kuna la inchi 2 na la inchi 2 na 5/16, na yasichanganywe, hata yale yanayoonekana kulingana. Kwenye njia ya mitaro mikali, kikombe cha tufe hufika mwisho wa kujikunja na kuanza kujikongoa. Hapo ndipo viunganishi vinavyozunguka pande tatu vinapolipa. Minyororo ya usalama ipite kwa kupishana chini ya mkono wa trela, ili mkono ukidondoka ulale juu yake badala ya kuchoma barabara.

Breki?

Umoja wa Ulaya unaruhusu trela lisilo na breki hadi kilo 750. Australia nayo huanzia hapo, na zaidi ya kilo 2000 inataka breki kwenye magurudumu yote pamoja na kifaa kinachozifunga trela likichomoka. Marekani kila jimbo lina namba yake. Hiyo ni sheria. Kwa upande wa akili, trela lolote la kambi lenye kilo zaidi ya nusu ya gari linalolivuta liwe na breki, sheria itake isitake.

Breki zinazofanya kazi pale trela linaposukuma gari hazihitaji nyaya za ziada, ila huwezi kuzifunga peke yake. Breki za umeme hutaka kifaa cha kuziongoza karibu na dereva, na faida yake kubwa inaonekana kwenye swali linalofuata.

Trela likianza kuyumba nifanye nini?

Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani imara ukielekea mbele, na usijaribu kulirekebisha kwa kukata kulia na kushoto. Ukiwa na breki za umeme, bonyeza kitufe cha kufunga breki za trela peke yake. Zitalivuta nyuma na kulinyoosha. Usikanyage breki za gari kwa nguvu. Usiongeze mwendo, ingawa wapo wanaokushauri hivyo, kwa kuwa kila trela lina mwendo ambao ukiupita kuyumba hakutulii tena bali kunakua.

Likitulia, simama na upakie upya. Vitu vizito viwe chini na karibu na ekseli. Tairi la ziada, madumu na baiskeli zilizoning'inizwa nyuma kabisa ndizo huwa chanzo, hata kama mzigo wa tufe unaonekana sawa, kwa sababu uzito uliowekwa kwenye ncha hulipa trela nguvu ya kubembea.

Nini cha kukagua kwenye safari ya kwanza?

Nati za tairi zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100, hasa kama rimu zilitolewa. Kwenye kituo cha kwanza, sogeza kiganja karibu na kila habu ya trela bila kugusa: joto la wastani ni sawa, moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, beringi imekazwa mno au imekosa grisi, au breki inakwangua. Beba beringi za ziada na grisi. Angalia taa zote, kisha muombe mtu atazame taa za mbele usiku, mahali tambarare, kama hazijapanda.

Trela fupi ni rahisi kurudisha nyuma?

Kinyume chake. Trela fupi hugeuka ghafla na kujikunja kabla hujaliona kwenye kioo. Refu huenda taratibu na kukupa muda. Shika usukani kwa chini: mkono ukienda kushoto, mgongo wa trela unaenda kushoto.